Mwendo wa Siku Moja

Baba alipofariki nilikuwa shuleni Lindi, darasa la nne. Habari zilinifikia siku ya pili, nami nilipofika kwetu, upande wa Ruangwa, nilikuta udongo wa kaburi umeshakauka. Kwetu maiti hangojewi. Mama naye alifuata mwaka uleule. Sikurudi shule tena. Nikabaki na wadogo zangu wawili, msichana na mvulana, na sheria moja niliyojitungia: hakuna atakayelala mahali ambapo mwenzake hawezi kufika kwa mwendo wa siku moja.

Nachingwea ilikubalika, ila kwa shida. Ukitoka kwetu alfajiri, unafika jua likizama, miguu imevimba. Wazungu wa karanga walipofungua mashamba huko, nilienda kung'oa visiki, na mdogo wangu wa kike akapata kazi ya yaya. Kisha Mzungu aliyemwajiri akahamishiwa Dar es Salaam, na bibi, mke wa Mzungu huyo, akataka kwenda na yaya wake, kwa ndege.

"Haiwezekani," nilimwambia.

"Kaka, ni chini ya saa mbili. Nyumbani tunatembea kutwa. Dar iko karibu kuliko kwetu."

Nilienda uwanjani kumwuliza karani. Akacheka. Ni kweli, alisema, hata saa mbili hazitimii.

"Na mimi nikipata habari ya msiba, nitapanda lini?"

"Wewe? Wewe utapanda lori mpaka Lindi, halafu ungoje meli. Ikiwepo, siku nne. Isipokuwepo, omba Mungu."

Nikarudi nikamweleza mdogo wangu hesabu hiyo, nikidhani nimeshinda. Alikuwa anapiga pasi nguo za mtoto wa bibi, wala hakuinua uso.

"Siku zote unanipima kwa siku nitakayokufa," alisema. "Hizi za kuishi atanipimia nani?"

"Usinijibu hivyo."

"Sijakujibu, kaka. Nimekuuliza."

Siku mbili sikusema naye. Siku ya tatu nilimnunulia kanga, nikampelekea. Akaelewa, akaanza kulia, nikamwambia aache, ataichafua kanga mpya.

Ndege iliondoka saa tatu asubuhi. Niliitazama mpaka ikawa kama nzi, kisha nikashika njia ya nyumbani kumpa habari mdogo wetu wa mwisho. Jua lilipokuwa utosini nilikaa kivulini kula muhogo, nikakumbuka kwamba mwenzangu ameshafika zamani, pengine ameshaosha na vyombo, na mimi nusu ya njia bado. Nikacheka peke yangu. Mwanamke mmoja aliyepita na mzigo wa ufuta akaniuliza kama ni mzima.

Barua yake ya kwanza ilichukua wiki tatu. Niliisoma polepole, kwa elimu yangu ile ya darasa la nne, huku mdogo wetu akinihimiza. Dar ni kubwa, aliandika, chumba chake kina dirisha, bibi hana neno. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Nilitapika tangu tulipopaa mpaka tuliposhuka, na kanga yako ndiyo iliyonisitiri. Usimwambie mtu."

Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua.