Mikono ya Mama wa Bibi Harusi

Wifi yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Pindo, kwa sababu pindo aliloshona yeye halijawahi kufumuka. Aliletwa kwetu kuwa mke wa kaka yangu akiwa na miaka kumi na sita, na yeye hakumtaka kaka. Siku ya posa mama yake alikaa chumba cha nyuma, kimya, wakazungumza wanaume. Hayo wifi alinisimulia mara moja tu, tukipiga pasi, na mimi ni wa upande ule ule uliomchukua. Mungu anajua nilivyoona haya.

Mwaka jana walikuja watu wanaotengeneza tamthilia ya ndoa za zamani. Akawashonea magauni kumi na moja. Mwongozaji alipomwona ameinamia nguo alisema huyu ndiye mama wa bibi harusi, asitafutwe mwingine. Akapewa sentensi moja ya kuwaambia wajumbe wa posa: "Mwanangu haolewi na mtu asiyemtaka."

Wiki mbili alikuwa na maneno hayo mdomoni kama pipi. Aliyasema akikata kitambaa, aliyasema akichuja chai. Nikamtania kwamba atatimua hata wateja.

Akacheka. Kisha akasema, "Niache, wifi. Nimeyachelewesha miaka arobaini."

Siku ya kupiga picha nilimsindikiza. Mwenye tamthilia alimtazama wifi kuanzia kichwani hadi miguuni, akamvuta mwongozaji pembeni, ila pembeni yenyewe ilikuwa hatua tatu. Tulisikia yote. Bibi harusi ni mweupe, mama mweusi tii namna hii katokea wapi? Na tena, zamani wanawake hawakusema kwenye posa. Maneno hayo apewe mjomba. Zamani ipi hiyo, sijui. Bibi yangu mzaa baba alifukuza wajumbe mara mbili kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini nani aliniuliza?

Akaletwa mama mwingine, mweupe, mpole, maskini hana kosa. Ila alitakiwa aonekane akishona pindo la gauni la mwanawe, na sindano aliishika kama mwiko. Akajichoma mara tatu, damu ikadondokea gauni. Ndipo wakamrudia wifi: tupe mikono tu. Wakaipaka poda mpaka viwikoni. Nilimuuliza kwa nini amekubali. Akasema gauni lile kalishona yeye, hataki liharibiwe.

Tamthilia ilipoonyeshwa tulikaa sote sebuleni kwake. Mikono ikatokea, myeupe kama imetoka kwenye unga. Ikainua ncha ya uzi, ikapotea juu, ikarudi na uzi umelowa. Wifi hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kuulowesha mdomoni.

Mjukuu wake akauliza, "Bibi, uzi umeenda wapi?"

"Mdomoni kwangu."

"Mbona mdomo haupo?"

Kabla hajajibu, mjomba kwenye runinga akakohoa, akaisema ile sentensi. Kaka yangu akajipiga gotini kwa kiganja. "Huyo ndiye mwanaume," akasema. "Na wewe, mama watoto, hata neno moja hawakukupa?"

"Wamefanya kama mlivyofanya nyinyi," wifi akasema taratibu, macho yake kwenye picha. "Walichukua mikono."

Kaka akanigeukia mimi, nduguye wa tumbo moja, nimsemee.

Sikumsemea.