Ukimya wa Ubeti wa Tatu

Jumapili ile watu mia nne waliimba kwa sauti moja, kinanda kikawajibu kwa sauti nyingine kabisa. Ungedhani matrekta mawili yamegongana ndani ya kanisa.

Na daktari mzima wa muziki akatoka pale anafuta machozi, eti ameonja neema.

Nilikuwepo. Nilikuwa juu roshani, hatua mbili kutoka kwenye kinanda chenyewe, nimeshika mkoba wa mama yangu. Kwa hiyo asinisimulie mtu.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Janna. Nina watoto watatu na diploma ya usafi wa meno. Nashinda ndani ya midomo ya watu kutwa nzima, kwa hiyo namjua anayesema anapiga mswaki na namjua anayepiga kweli.

Hapa kwetu Iowa tuna chuo kikuu cha Kikristo, na kanisa la chuo lina kinanda cha mabomba elfu mbili. Kimewekwa roshani ya nyuma. Watu wanakaa wametazama mbele, kwa hiyo mpigaji wanamsikia tu. Hawamwoni.

Miaka thelathini mpigaji alikuwa Profesa Wendell Bruxvoort. Msaidizi wake alikuwa mama yangu, Corrie.

Mama hana shahada. Alikuwa anamgeuzia Wendell kurasa na kufuta vumbi. Halafu kila asubuhi, kabla chuo hakijaamka, anapanda na ufunguo wake kufanya mazoezi peke yake. Ana miaka sabini na nne sasa. Nyumbani hana kinanda. Ana ule ufunguo tu.

Wendell alipofariki, chuo kikaanzisha maonyesho ya kinanda ya kumbukumbu yake, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri. Yakaundiwa kamati. Na kamati ikapewa mwenyekiti, Daktari Merle Oosterink.

Merle ni mtu anayeongea huku anajisikiliza.

Alikuwa na hoja moja tu duniani: ukimya. Wendell, kwenye wimbo wa mwisho, alikuwa ananyamazisha kinanda ubeti mzima wa tatu. Watu wanaimba wenyewe, sauti nne. Ubeti wa nne kinanda kinarudi kwa nguvu zote.

Merle aliandikia ukimya huo kurasa arobaini. Kabla ya kila onyesho anatuhutubia dakika ishirini na tano.

"Wendell aliondoa mikono yake," anasema, macho ameyafumba, "ili Mungu aweke ya kwake."

Watu wanamung'unya pipi za mnanaa, wanasubiri aishiwe pumzi.

Basi, Februari mama akapata barua. Kamati imeamua roshani ni ya wenye shahada ya udaktari tu. Arudishe ufunguo Jumapili baada ya onyesho. Ila kwa heshima, siku hiyo atamgeuzia mgeni kurasa kwa mara ya mwisho.

Heshima! Nikavaa buti, nikavuka theluji hadi ofisini kwa Merle.

"Janna, elewa," akaniambia. "Kile kinanda sasa ni urithi. Si mahali pa mtu kujifanyia mazoezi."

"Mama yangu anapanda zile ngazi tangu wewe una nywele."

"Mama yako ni mgeuza kurasa."

"Na wewe ni mgeuza nini?"

Akaanza kupanga kalamu zake mezani. Nikarudi nyumbani, nikamkuta mama anasugua ule ufunguo kwa kitambaa, ung'ae siku ya kuurudisha. Nilisonya tu.

Jumapili ikafika. Mgeni alikuwa Daktari Pierce Tolland kutoka Boston, kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake vya kupigia kinanda vinang'aa. Alipiga vizuri, simnyimi haki yake.

Kabla ya wimbo wa mwisho akamwinamia mama.

"Mama, ubeti wa tatu nanyamaza, sivyo?"

"Ndivyo. Lakini ule wa nne, sikiliza kwanza…"

"Usijali, mama. Andiko alilonitumia Daktari Oosterink nimelisoma lote."

Mama akafunga mdomo. Namjua mama yangu. Akifunga mdomo hivyo, kaa mbali.

Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu kijana akainua mikono, na watu mia nne wakabaki wanaimba wenyewe. Wakulima, wauguzi, walimu, kila mmoja anaijua sauti yake tangu utotoni. Hata mimi mwenye ulimi mkali nywele zilisimama.

Mama akaninong'oneza: "Wanashuka."

"Nini?"

"Wakiachwa peke yao wanashuka nusu sauti, kibonyezo kimoja chini. Kila mara. Na mababu zao walikuwa hivyohivyo."

Kijana hakusikia. Akavuta pumzi, akaangusha vidole vyote kumi pale palepale alipoviondoa, juu, nusu sauti nzima juu ya watu.

Ee Mungu wangu.

Kinanda kinavuta huku, watu wanavuta kule. Dirisha likatetemeka. Kuna bibi alipiga kelele nikadhani ameanguka. Kijana akatoa mikono kama aliyeshika jiko la moto, akabaki ameiinua hewani, uso mweupe kama karatasi.

Chini waimbaji wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Wakabaki wazee wa sauti ya nne tu, ile ya besi. Wale hata paa likiungua watamaliza ubeti.

Mama akanipa mkoba. "Shika."

Akamgusa kijana begani. "Sogea, mwanangu."

Kijana akateleza hadi mwisho wa benchi. Mama akateleza akaingia. Alijua kila inchi ya lile benchi, makalio hayakugusa ukingo. Akawategea sikio wale wazee, akaingia palepale walipokuwa, nusu sauti chini, polepole kwanza. Wengine wakamsikia, wakarudi. Akafungua kinanda chote.

Ubeti wa nne ule ulijaa hadi sakafu ikawa inanipanda magotini.

Na huko chini, hakuna aliyejua nani kapiga.

Baadaye wote tukashuka ukumbini kunywa kahawa na kula mikate ya nyama ya nguruwe. Merle akaja mbio, macho mekundu.

"Daktari Tolland! Ule mgongano! Kuvunjika, halafu kurejeshwa! Wendell mwenyewe hakuthubutu. Lazima niuandikie!"

"Nilikosea," kijana akasema. "Aliyeniokoa ni huyu mama. Yeye ndiye aliyepiga."

Merle akacheka, akampigapiga mgongoni. "Ona unyenyekevu huu!"

Nilitamani kumwekea mkate wangu usoni.

"Merle," nikasema, "watu walishuka nusu sauti, na mama kawafuata waliko. Hujawahi kusikia mgongano ule kwa sababu wageni waliotangulia walimsikiliza."

"Corrie aligeuza kurasa. Mpigaji alikuwa Wendell."

Mama akatazama kahawa yake. Alikuwa anajua kitu, na hakuwa na nia ya kukisema.

Ndipo Fenna, mjane wa Wendell, akaweka sahani chini.

"Corrie, mwambie bwana. Wendell hatafufuka kesho kunigombeza."

"Nilimwahidi, Fenna."

"Nami ni mkewe, nakufungulia."

Mama akashusha pumzi. "Mikono ya Wendell ilianza kutetemeka miaka kumi na moja kabla hajafa. Hakutaka chuo kimstaafishe. Kwenye wimbo wa mwisho alikuwa anaweza beti mbili, halafu vidole vinagoma. Kwa hiyo wa nne nilipiga mimi."

"Na wa tatu?" Sauti ya Merle ilikuwa nyembamba.

"Tulikuwa tunabadilishana nafasi kwenye benchi."

Merle akakunja uso kama hajasikia vizuri.

"Wendell alikuwa na kilo mia na kumi na goti bovu," mama akaendelea. "Hahami haraka yule. Alihitaji ubeti mzima."

"Lakini… ile miaka yake ya mwisho? Ukimya ulikuwepo kila wiki!"

"Miaka ya mwisho hakupiga hata noti moja, alikaa tu pembeni. Lakini watu walishazoea. Nami nikawa napata nafasi ya kutia pipi mdomoni."

Kahawa ilinitoka puani. Fenna alicheka hadi akashika meza.

Unajua Merle alisema nini? Hakusema pole, wala asante kwa miaka kumi na moja ya kumbebea mtu siri.

Alisema: "Andiko langu linachapishwa Aprili."

Kisha akashusha sauti. "Hili linaweza kubaki kati yetu?"

Nikavuta pumzi ya kutangazia ukumbi mzima. Mama akanibana kiwiko.

"Merle, chukua ukimya," akasema. "Ufunguo nabaki nao mimi."

"Sawa," akajibu. Hata hakufikiria. Akaenda kuchukua mkate.

Kwenye gari nilifoka njia nzima. "Mama, na jina lako?"

"Jina silipigi, Janna. Napiga kinanda. Washa joto, miguu imeganda."

Andiko likatoka Aprili. Kurasa arobaini, hazijapungua hata moja. Mama hajalisoma. Asubuhi zote hizo alikuwa roshani.

Mwezi uliopita Merle alikuja kliniki kusafishwa meno. Nikamlaza kwenye kiti, nikamwambia afungue mdomo. Fizi zinavuja damu, na kwenye fomu kaandika anapiga mswaki mara tatu kwa siku.

Dakika arobaini hakusema neno. Huo ndio ukimya pekee wa maana aliowahi kutupa.

Funzo langu ni fupi. Ukiona msomi anatoa machozi juu ya jambo kubwa la mtu aliyekufa, tafuta mwanamke aliyekuwa amekaa pembeni yake, umuulize kilichotokea. Atakujibu kwa sentensi moja.

Na kama unashangaa kwa nini nimeyaandika haya hadharani: aliyekubali kunyamaza ni mama. Mimi sikuulizwa.