Duka la Makopo Matupu

Wiki nzima Kadzo alichemsha chai ambayo hakuna aliyeinywa. Ilikuwa nyeusi kama lami, sufuria baada ya sufuria, na kila iliyoiva aliibeba hadi uani, ambako mafundi wawili waliipaka kwa matambara kwenye madawati mapya kumi na mawili yaliyotoka kwa seremala wa Makadara. Mwalimu mkuu, Bwana Griffins, kijana wa tai nyembamba aliyeletwa pwani miaka mitatu iliyopita, alitaka madawati hayo yaonekane ya mwaka themanini na tatu. Yalipokauka aliamuru yapigwe kwa mnyororo kidogo, kisha yachongwe majina kwa kisu. Fundi akauliza majina gani. Griffins akafikiri, akasema yoyote yale, mradi yawe ya zamani.

Aliyefagia vumbi la majina hayo ni Kadzo. Alikuwa na miaka arubaini na tisa, na kazi yake katika shule ile ya kulipia ya Mji wa Kale ilikuwa kufagia, kupiga deki na kuwapikia walimu chai. Maneno yake yalikuwa machache. Dharau yake aliiweka anapoweka ufagio, nyuma ya mlango, karibu na mkono.

Shughuli yenyewe iliitwa Darasa la Zamani. Siku ya Jumamosi wazazi wangekuja kuona jinsi watu walivyosoma kale: ubao na chaki, kengele ya kipande cha reli, watoto katika kaptula za kaki na miguu mitupu. Mzazi mmoja aliandika kuuliza kama mwanawe angeweza kuvaa soksi za rangi ya ngozi, akajibiwa kwamba hakuna tatizo. Mwalimu Ashley, binti mwema aliyepewa kazi ya kukipamba chumba, alimfuata Kadzo jikoni akamwuliza darasani siku hizo kulikuwa na nini kingine. Kadzo alimjibu kwamba kulikuwa na njaa. Ashley akacheka, akaandika, kisha akakifuta alichoandika.

Siku ya Jumatano ndipo Kadzo aliposikia nani atakuwa mgeni wa heshima. Ni Mwalimu Kingi, aliyestaafu zamani, na aliyempendekeza ni Bi Fadhiya, mwenyekiti wa wazazi, ambaye alifundishwa naye katika darasa la pili. Kadzo alimaliza kuosha vikombe. Kisha akaenda hadi chumba kile kinachopambwa, akasimama mlangoni.

"Palikuwa na duka," akamwambia Ashley. "Duka la makopo. Ukimleta Mwalimu Kingi bila duka, hatalijua darasa lake."

Ashley alifurahi mno. Kufikia jioni rafu ilikuwa imeshapigwa misumari.

Duka hilo Kadzo alilijua vyema, kwa kuwa naye alisoma darasa hilo hilo. Ilikuwa shule ya baraza la mji, watoto hamsini na watatu, na Mwalimu Kingi alikuwa mwalimu wa kila kitu. Alikuwa na sifa moja iliyowapendeza wakubwa na kuwachosha wengine wote: kosa halikumpita. Alimsahihisha mtoto, alimsahihisha mzazi, alimsahihisha mwenye kuuza maji. Hata mazikoni, mtu alipotangaza kwamba marehemu alikuwa na miaka sitini, Mwalimu Kingi alinyoosha mkono akasema sitini na miwili, kisha akatazama huku na huku akingoja kushukuriwa. Wafiwa wakamshukuru. Watu walisema huyo ndiye mwalimu hasa.

Katika muhula wa pili aliamuru kila mtoto alete kopo tupu au pakiti tupu, wapate kujifunza kununua na kuuza. Asiye nalo kufikia Ijumaa angesimama mlangoni hadi alilete. Watoto wengi waliona ni jambo jepesi. Kadzo hakulala vizuri. Kwao mafuta yalinunuliwa kwa kupimiwa kikombe, sukari ilikuja katika gazeti lililosokotwa, na chumvi vivyo hivyo. Umaskini wao haukuwa hata na kopo.

Mama yake, Mapenzi, alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa Bi Lamis, nyumba ya ghorofa tatu Mji wa Kale, na Kadzo alikuwa akimngojea huko baada ya masomo. Binti wa nyumba hiyo ndiye Fadhiya, mwanafunzi mwenziwe, aliyeketi dawati la mbele. Kwenye kabati la jikoni palikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, lenye maandishi ya Kiarabu na picha ya ng'ombe, aliloleta mjomba kutoka Maskati. Kadzo alilichukua. Hakutaka maziwa. Alifikiri atamwonyesha mwalimu, mwalimu aandike jina lake, na mchana alirudishe kabla ya chai ya alasiri. Mtoto wa miaka minane huamini kwamba kitu kilichoonyeshwa tu hakijachukuliwa.

Mwalimu Kingi alifungua kifuniko, akachungulia, akamwambia kwamba kopo la dukani ni lazima liwe tupu, na kwamba yeye mwenyewe atalimwaga. Saa ya mapumziko Kadzo alirudi kuliomba. Hakufika mlangoni. Dirishani alimwona mwalimu wake ameinama, akimimina maziwa katika mfuko wa karatasi, polepole, akiupigapiga mfuko kwa kidole ili hata unga usipeperuke. Kisha akalipuliza kopo, akaliweka rafuni.

Mwalimu yule alikuwa na chupa yake ya chai. Tangu Januari chai hiyo ilikuwa ya rangi. Kuanzia siku ile ikawa nyeupe, mpaka shule zikafungwa. Naye aliinywa mbele yao, huku watoto wakichukua zamu dukani. Una maziwa? Ninayo. Bei gani? Muhula mzima watoto wale waliuziana hewa, na mwenye kuipima hewa hiyo vibaya alichapwa.

Fadhiya alipoona kopo la kwao rafuni alilisimulia nyumbani kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jamaa yake njiani. Kesho yake Bi Lamis alikuja shuleni mwenyewe, amemshika bintiye mkono. Mwalimu Kingi alimwapia kwamba kopo lilikuja tupu, limeoshwa na kukauka. Bi Lamis hakuwa mwanamke mbaya. Alimwambia Mapenzi kwamba kopo angelisamehe, mtoto ni mtoto, lakini maziwa yamenyweka, na aliyeyanywa hakai kwake.

Kadzo alimweleza mama yake aliyoyaona dirishani, na Mapenzi akaenda kwa Mwalimu Kingi jioni, peke yake, akitumaini kwamba Mgiriama mwenzake hatamwacha uchi. Alimpigia hodi kwa heshima zote. Mwalimu alimjibu kwa lugha yao, mlango ukiwa nusu, kwamba asimharibie jina kwa sababu ya mtoto mwenye tamaa. Akamsahihisha hata salamu yake.

Tangu hapo Mapenzi alikaanga mihogo kando ya barabara ya Makadara miaka thelathini, na hakukanyaga tena Mji wa Kale. Akiwa na shughuli upande wa pili alizunguka mbali, jua lote. Sasa alikuwa na miaka themanini, katika chumba cha Majengo, na magoti yamekataa. Bi Lamis alishakufa na neno lake la mwisho juu ya Mapenzi lilikuwa lile lile. Mara moja moja mama huyo humwuliza bintiye kama yule mwalimu yu hai. Kadzo hujibu kwamba yu hai. Amesema? Hajasema. Basi mazungumzo huishia hapo, wakala chakula chao.

Kwa hiyo Jumamosi Kadzo alitaka kitu kimoja tu: Kingi aseme kwa kinywa chake, Fadhiya akisikia, kwamba lile kopo halikuja tupu. Hakuwa na haja ya kumwuliza. Mwizi akiulizwa hukana. Lakini alimjua mwalimu wake kuliko wote waliomwalika.

Mwalimu Kingi alifika katika suti ya kijivu iliyomzidi, na mkongojo wenye pete ya fedha. Kabla hajaketi alikuwa ameshasahihisha bango la mlangoni, saa ya kengele (haikupigwa saa mbili, akasema, bali saa mbili kasoro dakika kumi) na namna Griffins alivyotamka jina lake. Wazazi walikuwa wakiangaliana kwa furaha. Griffins alikuwa akirekodi kwa simu, akichekelea kila anapokosolewa kana kwamba anatunzwa. Mwalimu Kingi alipitisha mkono juu ya dawati lililopakwa chai, akasema haya ndiyo yenyewe, madawati ya siku hizo yalikuwa imara. Kadzo, aliyekuwa mlangoni na sinia, alitazama kando.

Wanafunzi wa zamani waliokuja walikuwa watatu: Fadhiya, mtu mmoja aitwaye Benard anayefanya kazi bandarini, gatini Mbaraki, na Faiz mwenye duka la viatu. Ashley aliwaketisha madawati ya mbele ili mwalimu afundishe somo la duka kama zamani. Nafasi ya nne ilibaki wazi na picha ikawa haipendezi.

"Kadzo, njoo shoga," Fadhiya akaita. "Si wewe pia ulikuwa darasa letu?"

Miaka mitatu walikuwa wakisalimiana kila asubuhi, nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, na hii ilikuwa mara ya kwanza Fadhiya kulisema hilo mbele ya watu. Kadzo aliweka sinia chini. Aliketi, magoti yakagusa ubao.

Mwalimu Kingi alisimama kando ya rafu ya makopo, akaanza. Alimwuliza Benard alileta nini. Benard akasema alileta pakiti ya majani ya chai. Kingi akamkosoa: ilikuwa ya sabuni. Wazazi wakapiga makofi, kumbe mzee akili yake ingali kisu. Faiz naye akasema kopo la rangi, na hilo likakubaliwa. Mkongojo ukamwelekea Kadzo.

Kadzo alisimama, mikono nyuma, kama walivyofunzwa.

"Nilileta kopo la maziwa ya unga, Mwalimu. La Maskati, la Bi Lamis. Lilikuwa limejaa pomoni, halijaguswa na mtu."

Watoto walicheka, wala hawakujua kwa nini. Mwalimu Kingi alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kabla Kadzo hajamaliza.

"Kosa," akasema. "Lilikuwa limeshafunguliwa. Limepungua vidole viwili." Akachukua kopo moja la rafuni, akaweka vidole viwili chini ya ukingo wake, wote waone. "Mpaka hapa."

Kisha akatazama huku na huku, akingoja kushukuriwa.

Fadhiya ndiye aliyekuwa hacheki. Kopo lile lilifunguliwa jioni ya kabla ya siku lilipochukuliwa, walipokuja wageni, na aliyetumwa kuchota alikuwa yeye. Alisimama. Alizungumza kwa sauti ya chini, ya adabu, kama mtu anayeuliza bei.

"Mwalimu, ulimwapia mama kwamba lilikuja tupu. Nilikuwa nimemshika mkono."

Vidole viwili vilibaki juu ya kopo. Mzee alivitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Akasema ni mambo ya zamani hayo, mwanangu.

"Ndiyo tuliyokuja kuyatazama," Fadhiya akamjibu.

Griffins alidhani ni sehemu ya mchezo. Alishusha simu, akapiga makofi, na wengine wote wakamfuata, soksi za rangi ya ngozi nazo zikirukaruka. Mwalimu Kingi alipewa cheti katika fremu na shuka la kufunika magoti. Alisahihisha tarehe ya kwenye cheti, lakini kwa sauti ndogo, na hakumtazama mtu.

Kadzo alirudia sinia lake. Aliwapitishia wageni chai, kila mmoja kwa atakavyo, mpaka akamfikia mgeni wa heshima. Jagi la maziwa lilikuwa palepale kwenye sinia, limejaa, linatoa moshi. Alimmiminia chai ya rangi.

"Maziwa yamekwisha, Mwalimu," akasema.

Mzee aliliangalia jagi, akamwangalia Kadzo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliliacha kosa likapita. Akanywa.

Baada ya alasiri Fadhiya alitaka apelekwe Majengo siku hiyo hiyo, na Kadzo hakumkataza wala hakumshukuru. Njiani Fadhiya alisimamisha tuktuk akaingia dukani, akatoka na mfuko mzito. Kadzo aliona kilichomo, akasogea akampisha. Mwenye nacho huomba radhi kwa kile kinachomjia kwanza mkononi.

Mapenzi alikuwa ameketi kitandani. Bintiye alimweleza kwa ufupi, na mama akauliza maswali mawili tu: kama amesema kwa kinywa chake, na kama watu walikuwepo. Kadzo akajibu kwamba amesema, na watu walipiga makofi. Mapenzi aliguna. Hakuonekana kushangaa kwamba walipiga makofi.

Fadhiya alipiga goti, akambusu mkono, akamwomba radhi kwa niaba ya marehemu mama yake. Kisha akautua mfuko, na kilichotangulia kutoka kilikuwa kopo la maziwa ya unga, jipya, kubwa. Akili zilimjia kopo likiwa limeshashikwa na Mapenzi.

Mapenzi alilipima kwa mikono, akaligeuza, akalitikisa karibu na sikio. Halafu akamnyooshea Kadzo.

"Lifungue mbele yake," akasema. "Nisije nikaambiwa tena."

Kadzo alitumia mpini wa kijiko. Kifuniko kiliachia. Fadhiya, bila kuamriwa na mtu, akainama juu ya kopo, akatazama ndani, akasema kwa sauti kwamba limejaa.