Fomu Isiyo na Mjane

Orodha ya wanachama wa ushirika wetu wa mpunga, hapa Bugarama, iko ndani ya programu ya kompyuta aliyoichagua mume wangu. Yeye aliunda fomu humo, mimi karani nikawa naijaza. Kwenye swali la ndoa, kwa akina mama aliweka majibu mawili tu: ameolewa, hajaolewa.

"Ongeza mjane," nilimwambia kila msimu wa kupanda. "Kesho, Maman," alisema, na hiyo kesho yake ilinichosha roho. Basi waliofiwa nikawabonyezea "hajaolewa". Mama mzee mmoja wa Gitambi alijisoma kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, akaja mezani kwangu.

"Mimi sijaolewaka? Na hawa batoto saba nilibaokota wapi?"

"Ni mashini tu, Maman," nilimjibu bila kuinua kichwa. "Usijali."

Mwaka jana presha ilimwangusha mume wangu shambani, hakuamka tena. Laptop yake, yenye programu nzima ya kuundia fomu, nayo ikafa. Fundi wa Kamembe aliokoa orodha, akaniwekea kwenye kompyuta ya ofisi kipande cha bure cha programu hiyo, kinachofungua tu kazi za zamani.

"Utaandika, utasoma, utachapisha," alisema. "Kubadilisha fomu yenyewe, hapana. Hiyo inataka programu nzima, na ya miaka ile siipati."

Mwezi huu orodha ilipaswa kubandikwa upya. Jina la mume wangu nililifuta, nilishajiandaa. Kisha nikafungua ukurasa wangu: ameolewa. Rais wa ushirika, aliyesimama nyuma yangu, akasema polepole kwamba shamba sasa ni langu peke yangu, jibu hilo haliwezi kubaki.

Nikajaribu kuacha wazi. Fomu ikakataa, ukatokea ujumbe ambao mume wangu aliuandika zamani kunitania: "Jibu kwanza, usinikimbie."

Nilikasirika, sifichi. Nani amemkimbia mwenzake? Nilikaa nikiyatazama maneno yake mpaka rais akatoka nje. Ningekuwa na ile programu nzima, ningeandika neno moja tu, mjane, nifunge. Nikabonyeza "hajaolewa".

Orodha ilipobandikwa, mama wa Gitambi alikuja. Alipitisha kidole mpaka kwenye jina langu, kikasimama. Kisha akaja kukaa kando yangu. Nilingoja anirudishie maneno yangu, na ilikuwa haki yake.

"Mulikaa naye miaka ngapi?" akauliza.

"Ishirini na sita," nikasema, na ndipo nikalia.