Nilisema Ni Maji ya Chemchemi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka najichoma sindano. Wala si siku ya zamani. Ni Jumanne ile ulipokaa hapa kwenye meza yangu ya kushonea, umesukuma vitambaa vya wateja pembeni bila ruhusa kama kawaida yako, ukinisomea kitabu chako cha historia. Kilikuwa kinaeleza ufalme mmoja wa Ulaya wa zama za kati, uliopigwa na vita na tauni kwa miaka kumi. Watu walipokuwa wanakufa kwa tauni, wenyeji wakasema wageni wametia sumu visimani, wakawafukuza, wengine wakawaua. Ukacheka. Ukasema, "Eish, Mama, hawa watu walikuwa wajinga! Hawakujua ni ugonjwa tu?"

Mimi nikainamisha kichwa nikaendelea kukanyaga cherehani. Ulidhani sikukusikia. Nilikusikia sana. Leo nyamaza unisikilize mimi, na hiyo simu iweke chini.

Kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, na sisi tulikuwa na ufalme. Usicheke. Tulikuwa na mwami, mfalme wetu, mwenye ngozi ya chui na kiti chake, na vita vilipofika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka ziwa. Vita hivyo vilikaa kwetu miaka kumi. Walikuja askari hawa wakaondoka, wakaja wale, na kila aliyekuja alikula mbuzi wetu huku akisema amekuja kutuokoa. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, kikaingia kipindupindu. Mtu aliamka mzima asubuhi, jua halijazama mnamchimbia kaburi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mzuri wa sura, kiburi tele. Hapo umenirithi vizuri. Kazi yangu nyumbani ilikuwa maji. Muuguzi wa zahanati alikuwa ametuonya sote: msichote mtoni, choteni chemchemi ya mlimani. Mlima wenyewe sasa! Kwenda na kurudi nusu ya asubuhi imekwisha, na dumu liko kichwani. Siku hiyo nilikuwa nimesikia kwamba kijana mmoja aliyekuwa ananitaka amerudi kutoka ng'ambo, nami sijasuka nywele. Siye baba yako, usinitolee macho. Basi nikajaza dumu mtoni, nikaliweka nyuma ya nyumba mpaka matope yakatulia, nikampelekea mama, nikamwambia nimetoka mlimani. Nikaenda zangu kusukwa.

Siku ya tatu mdogo wangu Heri, kitinda mimba wetu, mtoto wa miaka minne, akaanza kutapika na kuhara. Hakuimaliza siku. Nilimshika mguu, ukawa wa baridi, nikajua. Hakuna aliyehitaji kuniambia kitu.

Kwenye matanga watu wakaanza kuulizana mtoto alikula nini. Jirani yetu alikuwa amempa hifadhi jikoni kwake mwanamke aliyekimbia vita kutoka milimani. Tulimwita Mama Zawadi, kwa jina la binti yake wa miaka sita. Siku moja kabla Heri hajaugua, alikuwa amemkuta analia njaa, akampa uji wa mtama. Ikawa ndiyo hiyo. Mmoja akasema, "Wanasema watu wa kwao wanajua sumu." Mwingine akaitikia, "Lisemwalo lipo." Liangalie vizuri neno hilo, mwanangu. Wanasema. Ukimtafuta aliyesema, humpati.

Mama Zawadi hakukimbia. Aliingia jikoni akatoka na sufuria ya uji aliopika asubuhi ile, kwa unga ule ule, akasimama katikati ya watu akaonja. Akampa na binti yake akaonja. Ndiyo desturi ya kwetu, anayekupa chakula huonja kwanza ili ujue hakina ubaya. Mtu mwenye akili zake angetulia pale.

Baba mkubwa, kaka yake babu yako, mzee asiyependa makelele, akanigeukia mimi. Akaniuliza mbele ya wote, "Binti yangu, wewe ndiye mchotaji. Maji ya nyumba hii yalitoka wapi?"

Nikasema, "Chemchemi, baba."

Neno moja tu. Sikumtukana yule mama, sikumrushia jiwe, jina lake halikupita kinywani mwangu. Kwa miaka mingi nilijitetea hivyo, na aibu ya utetezi huo naiona sasa. Baba mkubwa alinitazama kwa muda, akasema taratibu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha akanyamaza. Alikuwa ananisubiri, mwanangu. Nami nikatazama miguu yangu.

Wakamfukuza Mama Zawadi mchana ule ule, kwenye barabara ambayo askari walikuwa wanaipigania, na binti yake mgongoni. Alipita mbele yangu bila kunitazama. Na ugonjwa je, uliondoka naye? Wapi! Wiki ile ile tulizika wengine, na hakuna aliyesema tumekosea.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nawaheshimu wahenga, lakini yangu ilikuwa ndefu. Ilipita Tanzania, ikapita Malawi na Msumbiji, ikafika huku kusini, mtaa huu wa Troyeville. Mwaka juzi alikuja mwanamke kushonesha sare ya kwaya. Nikasikia lafudhi ya kwetu, tukaulizana habari za nyumbani kama tunavyofanya tulio mbali. Akaniambia anaitwa Zawadi. Akiwa mtoto aliishi kidogo katika kijiji chetu, mama yake akafukuzwa kwa sababu ya sumu. Nilikuwa nimemzungushia utepe wa kupimia kifuani, nikahisi anavyopumua. Mama yake alifia kambini, akiapa mpaka mwisho kwamba hakumuua mtoto wa mtu.

Nikamuuliza, "Na wewe, mwanangu, unaamini nini?"

Akasema, "Miye sijui, mama. Pengine alifanyaka kweli."

Nikaandika vipimo. Kifua, kiuno, urefu. Nikashona sare, akaja akaichukua, akanishukuru kwa mikono miwili. Nilinyamaza mara ya pili, na safari hiyo sikuwa tena na miaka kumi na tisa ya kusingizia. Ndiyo maana watu wakipita mtaani hapa wakipiga kelele kwamba wageni ndio wanaoleta magonjwa, mimi siwalaani kama wanavyowalaani mama za wenzako. Nafunga mlango tu. Sauti ile naijua, niliwahi kuisaidia.

Baada ya kicheko chako, Jumamosi nikapanda teksi hadi Turffontein anakokaa Zawadi. Kwenye robot, zile taa za barabarani karibu na kwake, ya kijani iliwaka mara tatu nami sijavuka. Mwishowe nikavuka. Nikamkuta anaanua nguo uani, nikamwambia yote: dumu, mto, nywele, na lile neno langu. Niliongea nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kiti.

Akaendelea kuanua nguo mpaka kamba ikabaki tupu. Kisha akasema, "Tangu nizae, sijampa mtoto wa mtu hata kipande cha mkate. Watoto wa jirani wakija na njaa, ninawafukuza. Nilikuwa naogopa mkono wangu ni kama wa mama."

Akaniuliza jambo moja tu. "Ule uji, aliuonja?"

"Aliuonja, mbele ya watu wote. Akakupa na wewe ukaonja."

"Ondoka kwangu," akasema. Nikaondoka.

Hajanipigia simu, nami sitegemei. Nimelia, ndiyo, lakini kilio changu hakimfai mtu. Mama Zawadi alikufa akimtazama binti yake mwenyewe akiwa na shaka naye. Imani ya mtoto kwa mama yake niliichukua mimi, na sina pa kuirudishia.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama kofi linakusubiri. Kofi linapoa. Ukiwakuta watu wamemzunguka mtu mmoja na kila sentensi inaanza na wanasema, uliza nani kasema, na kama unaujua ukweli, utoe hapo hapo, wakati mtu bado anaweza kurudishwa kutoka barabarani. Usijifariji kwamba wewe hukurusha jiwe. Na usingoje uwe mzee ndipo ukiri. Majuto ni mjukuu, na wangu amekwisha kukua, anakaa nami nyumba moja.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe moyo wa kuutamka ukweli ungali kijana, hata sauti ikitetemeka. Akuepushe na neno dogo la uongo, maana hulijui litakapofika. Na mikono yako hii, uitazame bila hofu, uwapakulie watoto wa watu washibe. Amina.