Kuzilaza Hosta Maskati

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa friji. Sikupewa jembe wala mpira wa maji. Nilipewa friji ndefu, nyeupe, iliyosimama peke yake katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Nilipoifungua nikaona vyungu vya udongo mtupu, bila jani hata moja.

"Hivi vyote vimekufa," nilisema.

"Hamna aliyekufa," akajibu mwenye nyumba. "Wamelala. Na wewe ndiye utakayewaangalia wasiamke kabla ya siku zao."

Mwenye nyumba tukimwita Daktari. Alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, mzaliwa wa Unguja aliyesomea nchi za baridi. Huko, mlangoni kwa mama aliyempangisha chumba, ndiko alikoona hosta kwa mara ya kwanza. Ni mmea wa kivulini wenye majani mapana, mengine ya kijani, mengine ya rangi ya moshi, mengine kama yamepakwa chokaa ukingoni. Watu hawaupandi kwa ajili ya maua. Wanapenda majani, na akishayapenda mtu basi, hasikii tena la mtu mwingine.

Mimi sikuwa mtu wa bustani. Niliacha skuli mapema, nikazunguka. Nimeuza barafu kwa wavuvi wa Quriyat, nimepaka rangi nyumba za watu, nimetengeneza AC katika karakana moja ya Darsait. Kila kitu nilitaka kukijua, na nikishakijua nakichoka, naondoka. Daktari aliniajiri kwa sababu ya zile AC.

Hosta ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi. Mwaka ukielekea mwisho majani hufa, chini ya udongo kikabaki kisiki na vichipukizi vyake. Hosta asipolala kwenye baridi miezi miwili mitatu huamka dhaifu, na safari ya pili haamki kabisa. Maskati baridi hiyo haipo, kwa hivyo friji ndiyo iliyokuwa majira yetu. Wakishaamka tunawahamishia kwenye chumba chenye AC na taa. Mashine hizo ndizo zilizowaweka hai, na mashine nilizijua vizuri kiasi cha kutoziamini.

Si joto peke yake la kuogopwa. Tunda linaloiva hutoa hewa usiyoiona, na hewa hiyo huua vichipukizi vilivyolala. Sikukuu moja nilisikia Daktari anapiga ukelele.

"Nani katia matufaha humu?"

"Mimi," akasema kaka yake, tuliyemwita Mhandisi, mstaafu wa mitambo ya umeme na mkaguzi wetu asiyeteuliwa na mtu. "Wageni wanakuja. Friji ya jikoni imejaa."

"Unaniulia wanangu!"

"Wanao wako sebuleni wanakula halwa. Haya ni majani."

Hosta waliamka wote salama. Lakini wiki zile za kungoja, kila nilipopita pale nilipiga magoti nikatazama udongo.

Daktari alinisomesha huku tukifanya kazi. Asili ya hosta ni Uchina, Korea na Japani. Mzungu mmoja, naye daktari, aliyekuwa akifanya kazi Japani, alizipakia melini kwenda kwao, na nyingi zikafa njiani. Baadaye waliozizalisha zikawa aina zisizohesabika hawakuwa makampuni makubwa tu. Wengi walikuwa watu wa majumbani, wakiotesha mbegu dirishani kwenye jiko.

Ua la hosta huishi siku moja, asubuhi limefunguka, jioni limenyauka. Kabla halijafunguka Daktari alilipasua kwa koleo yake ya meno, akang'oa nyuzi zenye chavua lisije likajichavusha lenyewe. Kisha alipaka chavua ya ua jingine kwenye ncha ya ua hilo, akafunga uzi wa rangi kuwa alama. Vifuko vya mbegu vikikauka unavipasua. Mbegu nyeusi ina uhai, nyeupe ni ganda tupu.

"Na michirizi myeupe ya majani," alinambia, "hurithiwa kwa mama tu. Baba hata awe na michirizi vipi, mtoto hapati."

"Basi hawa si Waarabu," akasema Mhandisi, amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. "Ukoo kwa mama!"

"Ndiyo maana wana adabu," Daktari akamjibu bila kuinua kichwa.

Mwaka mmoja, katika trei ya miche ya kijani, ukatokea mmoja wenye michirizi kama maziwa yaliyomwagika. Daktari alikaa kitako sakafuni. Jamaa wapenzi wa hosta wa hapa Maskati, nao ni wachache, walikuja kuutazama, kila mmoja kabeba chungu chake katika sanduku la barafu kama mtu atokaye sokoni na samaki. Daktari aliwaambia anataka kuuandikisha kuwa aina mpya kwa wenzao wa ng'ambo, kwa jina la marehemu mama yake, Zuwena, ambaye haikubaki hata picha yake moja.

Tabu ni kwamba mmea wa michirizi haujatulia. Kila kichipukizi kinaweza kutoka na sura nyingine, na hauandikishwi mpaka sura iwe moja mwaka hata mwaka. Sehemu ya kijani ndiyo yenye nguvu, huimeza michirizi yote. Kwa hivyo kila msimu unakata kilicho kizima na kubakisha kilicho dhaifu. Kazi zote nilizopitia nilifundishwa kukata kibovu. Hapa nilimuuliza Daktari mara mbili kabla ya kila mkato.

"Mmea hautulii, mtunzaji hatulii," Mhandisi alisema. "Tutaona nani atakimbia mwanzo."

Sikukimbia. Khofu ndiyo iliyonikalisha. Nilikwenda Quriyat kwenye harusi ya mpwa wangu, nikapiga simu kwa Daktari kabla ya wali kuletwa, nikapiga tena wali ulipoliwa.

Msimu mmoja kisiki kile kikatoa vichipukizi vitatu. Kimoja kilikuwa cheupe kitupu, ambacho peke yake hakiwezi kujilisha. Cha pili kilikuwa cha kijani. Cha tatu kilikuwa cha kijani chenye ukingo mweupe uliokaa sawa pande zote. Hicho ndicho tulichokuwa tukikitafuta, na mizizi yake ilikuwa michache na myembamba kama nywele.

"Tusubiri mwaka, Daktari. Kiote mizizi."

"Mwakani kijani kitakuwa kishakimeza. Na mimi ni mtu wa kuambiwa mwakani?"

"Kikioza?"

"Kioze kwa kisu, si kwa uvivu. Shika wewe. Mkono wangu ushazeeka."

Nilikipangusa kisu kwa spiriti, maana utomvu hubeba maradhi kutoka mmea hata mmea. Mhandisi alishika taa. Nikakata.

Kile cheupe kilikufa, kama tulivyojua. Kile cha ukingo kilikaa bila kusogea, nami nikawa natia kidole udongoni mpaka Daktari akanipiga kibao cha mkono. Mwisho kikakunjua jani, ukingo mweupe. Msimu wa pili vilevile. Jamaa wakasema: bado mmoja, kisha uandikishe.

Jani la hosta hutoka limejiviringa kama sigara, huwezi kujua ndani mna nini. Msimu wa tatu lilijikunjua taratibu, na lilipokwisha lilikuwa la kijani kitupu. Nililigeuza nikatazama chini yake, kama kwamba weupe umejificha huko.

Daktari alikuwa mezani akifungua kinywa na kaka yake.

"Kijani?" aliniuliza kabla sijasema.

"Kijani."

Mhandisi, mtu wa mzaha kwa kila jambo, alimsogezea mkate. Daktari alitafuna, akameza.

"Mama wa mche ule si yupo? Ana maua?"

"Yanakaribia."

"Basi niletee koleo."

Yeye aliweza kuanza tena, mimi sikuweza. Baada ya kuwalaza mwaka ule nikaaga. Sasa nnakaa kwa binti yangu Darsait, na nyinyi vijana mkiniuliza kazi ile ilikuwaje, nitakwambieni kwamba friji na visu mtajifunza upesi. Kungoja hakufundishiki. Nilidhani nikistaafu khofu nayo itastaafu.

Juzi Daktari kanipigia simu.

"Masudi, nna miche miwili ya michirizi. Nilikuwa nna miwili."

"Kumetokea nini?"

"Mmoja kijani kilikuwa kinazidi, nikamwambia Mhandisi akate. Kakata kichipukizi chenye michirizi. Ati kile kizima kakionea huruma."

"Na wa pili?"

"Mhandisi yuko nao hapa, kashika kisu."

"Mwambie akiweke chini!"

Nilikuwa nishavaa kiatu kimoja.