Sashe ya Mihogo

Majina ya bamama bote tuliofundishwa siku ile ninayajua, na ya batoto babo pia. Siyaandike, juu kungali batu benye uchungu.

Bibi wa proje, ule muradi wa samaki, alituletea hapa Nchelenge sashe, mufuko mwembamba wa kufungia samaki, ya unga wa mihogo na mafuta ya majani. Alisema ile mafuta inaua vidudu vya kuozesha chakula, na sashe yenyewe ukiizika inageuka udongo. Akasema tena, "Bamama, samaki ya moshi ipoe kwanza, mufunge, kisha muiweke mu barafu."

Tulicheka. Siye tunafunga samaki ingali moto mu majani ya ndizi, ili moshi ilale ndani. Jirani yangu akamujibu, "Mama, samaki ya baridi tunaachia bakwe tusiobapenda." Bibi naye akacheka.

Mudogo wangu aliolewa kule kisiwa cha Kilwa, mu ziwa letu, muke wa pili. Alipotoka mu malaria akanitumia habari, mimi dada yake mukubwa: "Yaya, mudomo hauna ladha, niletee samaki yako." Nikafunga tatu, moto vile vile, mu ile sashe. Barafu sikuwa nayo. Mutumbwi ukakosa petroli, tukafika siku ya ine. Batu ba nyumba yote bakanusa, bakasifu. Mudogo akala peke yake, juu ni chakula cha mugonjwa.

Kesho yake kope zake zilianguka, macho haifunguke vizuri. Kila mutu akamuona babili, mate haipite mu koo. Tulimuvusha ziwa mupaka ku hospitali, pumzi ikaisha pale. Muganga akaniuliza alikula nini, nikamueleza. Akasema, "Mama, jani linapumua, sashe haipumue. Samaki ya moto ikifungwa vile bila barafu, inaweza kutoa sumu isiyo na harufu."

Tukarudisha maiti Kilwa. Pale kilio bakweze balikuwa bamekwisha kusema: ni muke mukubwa, amemuroga mwenzake. Siku ya kwanza nilinyamaza. Niliogopa kuitwa muuaji wa ndugu yangu.

Siku ya pili nikasimama, nikasema yote. Shemeji, bwana ya mudogo wangu, akanishika mukono, "Yaya, ikala chini. Ile samaki tuliinusa siye bote. Uchungu ndiyo unakusemesha."

Siku ile ile nikamukuta muke mukubwa ku bwato, ule mutumbwi wa kuvuka, na sufuria yake na mukeka. Nikamuambia nitasema tena, hata kwa chifu.

"Jana nyumba yangu ilikuwa ingali imesimama, Yaya," akasema. "Bameichoma usiku."

Akaingia mu bwato. Nilitaka kumusaidia na mukeka, akaukamata mwenyewe.